Miguu Nyuma ya Turubai

Inspekta Nyasani alisikia kipigo kabla hajafunga mlango wa Landrova. Mtu aliyekaa polisi muda mrefu haikosi sauti ile: rungu likitua juu ya nyama, kisha kimya kifupi cha mtu anayetafuta pumzi. Alipita kaunta bila kumsalimu mtu, akausukuma mlango wa chumba cha nyuma.

Sajini Ombui alikuwa amekunja mikono ya shati, jasho likimtiririka. Sakafuni alilala Machogu, mtunza bustani, mikono imefungwa pingu kwa nyuma. Jicho moja lilikuwa limeziba kabisa na sikio la kushoto lilikuwa nusu.

"Weka rungu chini, Sajini."

"Afande, huyu amebakisha kidogo tu aseme."

"Amebakisha kidogo tu afe. Weka chini."

Ombui aliweka, lakini kwa kinyongo. Kwake yeye kesi ilikuwa imekwisha. Siku ya Jumanne, adhuhuri, Bathsheba, mke wa Manasseh Onchiri, alikuwa ameuawa kwa panga sebuleni kwake, katika nyumba ya kilimani inayoutazama mji wa Kisii. Alikatwa shingoni na mikononi, maana alijikinga, maskini, mpaka vidole vikaanguka. Machogu alikutwa amempakata, shati limelowa. Majirani hawakumuuliza neno. Walimpiga mawe, wakamkata sikio, wakakitia moto kibanda chake. Polisi walipotokea walisema wamemwokoa, kama kutiwa mikononi mwa Ombui nako ni kuokolewa.

"Nilimsikia mama akilia," Machogu alisema kwa midomo iliyovimba. "Nilikuwa nakata ua kule chini. Nikaja mbio. Nikamshika tu, Afande. Ningemwacha hapo chini namna gani?"

"Umeona mtu?"

"Mgongo. Mtu anaingia kwa migomba. Mwanaume."

"Mgongo!" Ombui alicheka. "Mgongo hauna jina."

Na Mkuu wa Polisi alikwisha kusema: Jumatatu Machogu anafikishwa mahakamani kwa kosa la kuua. Kwa kosa hilo adhabu ni moja tu, kitanzi. Leo ilikuwa Ijumaa.

Polisi yeyote angeanza na mume, na Nyasani alianza naye. Tatizo ni kwamba mume mwenyewe alikuwa Manasseh Onchiri. Nani hamjui Onchiri? Mabasi yake yalikwenda Kisumu na Nairobi, maduka yake ya jumla yalikuwa kila mji, na kila Mwaka Mpya aligawa kalenda yenye picha yake, hata mtu wa kijiji kisichofikiwa na basi akawa analala na kuamka na uso wake ukutani. Na saa ile ile Bathsheba alipokuwa akikatwa, soko zima la Nyakoe lilimwona Onchiri akishuka garini. Ushahidi wa soko zima utaukataaje?

Nyasani alirudi Nyakoe kuukataa.

Ilikuwa siku ya soko. Zachariah, mwenye hoteli ya chai, alimkaribisha kwa mandazi na kuanza hadithi bila kuombwa, kwa kuwa tangu Jumanne hakuwa na hadithi nyingine.

"Nimemwona kwa haya macho yangu mawili, Afande. Gari ilisimama pale kwa mikaratusi. Akashuka. Kofia nyeupe, miwani nyeusi, fimbo ya kichwa cha fedha. Mwenyewe!"

"Alisema nini?"

"Mtu mkubwa hasemi-semi ovyo. Aliinua fimbo hivi, akapita katikati ya soko, akazunguka, akarudi kwa gari. Watu walisimama kama kanisani."

"Uliwahi kumwona kabla ya siku hiyo?"

"Afande, nani hamjui Onchiri?"

"Sikuuliza kama unamjua. Nimeuliza kama umewahi kumwona."

Macho ya Zachariah, bila yeye kuyatuma, yalikwenda ukutani, juu ya jiko. Kalenda ya 1972 ilikuwa imeshika moshi, na ndani yake Onchiri alikuwa akitabasamu, kofia, miwani, fimbo na jino la dhahabu.

Nyasani akaingia sokoni. Akawauliza watu wa viazi, watu wa vyungu, watu wa ngozi. Wote walianza na kofia, wakaja kwenye miwani, wakamalizia na fimbo, kana kwamba wamefundishwa na mwalimu mmoja. Muuza tumbaku aliapa kwamba alipewa mkono na kwamba hajaunawa mpaka leo. Mwingine alilisifia sana lile jino la dhahabu.

"Ulilionaje?"

"Lilikuwa linang'aa, Afande."

"Na mtu hakufungua kinywa?"

Yule bwana alikuna kichwa. Nyasani hakumgombeza, maana hakuwa mwongo. Alikuwa ameona kofia, na kalenda ikamjazia mengine. Lakini jaji hatamfungua Machogu kwa sababu ya jino. Mashahidi sabini wangesimama mmoja mmoja na kuapa, na kila mmoja angekuwa anasema kweli yake.

Alipofika upande wa ndizi aliona pengo. Wanawake walikaa kwa safu, majani ya mgomba yametandikwa mbele yao, na katikati nafasi moja ilikuwa tupu, hakuna aliyeisogelea.

"Hapa ni pa nani?"

"Pa Mama Bosibori," Zachariah alimnong'oneza, kwa kuwa alikuwa amemfuata. "Mama yake marehemu. Ako kwa matanga."

"Jumanne alikuwepo?"

"Alikuwepo. Bwana Onchiri alipita hapo hapo mbele yake. Lakini huyo si shahidi, Afande. Atamtazamaje mkwe wake? Aliinamisha kichwa, basi."

Maneno hayo hayo Nyasani alikuwa ameambiwa Jumatano, akaitikia kwa kichwa na kupita. Sasa alisimama pale akajiona mpumbavu. Yeye mwenyewe ni Mgusii. Siku akikutana na mama mkwe wake njiani huingia shambani mpaka mama apite, na ni heri atumbukie mtaroni kuliko kumtazama usoni. Hiyo ndiyo ensoni, haya ya wakwe, na mtoto huifundishwa kabla ya kujua kuhesabu. Ndiyo maana hakumuuliza yule mama habari za mkwewe. Polisi wa Mombasa, asiye na adabu hizo, angemuuliza wa kwanza. Nyasani alikuwa amelelewa vizuri, na malezi yake mazuri yalikuwa yanampeleka mtu kitanzini.

Akapanda Landrova kwenda Birongo, kwenye matanga.

Bosibori alikuwa amekaa nje ya nyumba, juu ya mkeka, shuka nyeusi imemfunika mabega. Hakulia. Alikuwa amefika pale ambapo machozi hayana kazi tena. Nyasani alichuchumaa mbali kidogo, akamsalimu kwa Kikisii, akampa pole.

"Uliza upesi, mwanangu," alisema Bosibori. "Jua likizama ni Sabato, na siku ya Bwana siisemi damu."

"Mama, nitakuuliza jambo la aibu. Unisamehe. Jumanne, sokoni, mkwe wako alipita mbele yako."

"Hakupita."

Nyasani alimsogelea kidogo.

"Walisema, 'Onchiri huyo, Onchiri huyo.' Nikateremsha macho, kama ipasavyo. Sijawahi kuuona uso wa yule mtu. Wengine wanauona kwenye kalenda. Mimi kalenda hiyo siitundiki, nitamtundikaje mkwe wangu nyumbani mwangu? Lakini miguu yake naijua. Alipokuja kuoa hakuwa na viatu. Alikuwa mchuuzi wa ngozi, anatembea peku kutoka hapa mpaka Sotik. Miaka yote hiyo nimetazama miguu tu. Kidole gumba cha kushoto kimelalia wenzake, na anakanyaga upande."

"Na ile ya Jumanne?"

"Viatu vilikuwa vyake, vile vya rangi mbili. Mwenye kuvivaa hakuwa yeye. Vilikuwa vinampwaya. Kila akinyanyua mguu, kisigino kilitoka nje, hana soksi, na kisigino cha kulia kina kovu la moto, jeupe. Tena akaruka ndizi zangu. Aliziruka, mwanangu, na vumbi likaniingia machoni. Onchiri ni mtu mbaya, lakini angezunguka soko lote asinisogelee."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Kwamba mkwe wangu amekuja na miguu ya watu? Wangesema mama huyu alikuwa anatazama nini. Kisha jioni wakaniletea habari ya mtoto."

Nyasani alidhani amemaliza, akaanza kuinuka.

"Wakati wa mavuno mtoto alikuja hapa, mkono umevunjika," alisema Bosibori. "Akaniambia, 'Mama, huyu mtu ataniua, nataka kurudi nyumbani.' Nikamwambia ng'ombe zako ndizo zilizomwolea kaka yako, tutazirudisha na nini? Nikamfunga mkono, nikamrudisha. Wiki iliyopita akanitumia salamu kwamba safari hii anakuja na watoto, nitake nisitake. Nikawa nimeshafagia nyumba." Aliivuta shuka usoni. "Jua linazama."

Nyasani alirudi kituoni, akaingia mahabusu, akamnywesha Machogu maji kwa mkono wake.

"Machogu, kwa ukoo wa bosi wako, ni nani anafanana na yeye?"

Lile jicho moja lilimtazama sana.

"Ongeri," alisema. "Mtoto wa baba mdogo wake. Ni kondakta wa basi. Akija jikoni anavaa kofia ya bosi, anashika fimbo, anatembea hivi na hivi. Tulikuwa tunacheka mpaka mama mwenyewe anacheka." Akaanza kulia kwa jicho lile moja. "Mama alimpenda sana huyo Ongeri kwa mzaha wake."

Asubuhi walimkuta Ongeri kijijini Nyaramba, nyuma ya nyumba ya dada yake, akikata nyasi za ng'ombe. Hakukimbia. Aliona sare, akaona Ombui anakuja na pingu, akageuka na panga lile lile la nyasi. Pigo la kwanza lilimpata Ombui mkono wa kushoto, likafika mfupani. La pili lingemaliza kazi, kama Nyasani hangemrukia Ongeri kiunoni na wote wawili kuporomoka kwenye mteremko wa chai, wakivunja matawi. Ongeri alimng'ata bega. Nyasani alimpiga kichwa kwenye jiwe, mara moja, akamwona analegea, akataka kumpiga tena. Mkono ulikuwa umeshainuka. Hapo akamkumbuka Machogu, akaushusha, ingawa haukutaka kushuka.

Ombui alifika akiushikilia mkono, damu inachuruzika vidoleni.

"Niachie huyu, Afande."

"Huyu simwachii mtu. Funga mkono wako."

Nyasani aliigeuza miguu ya Ongeri, akamvua raba ya kulia. Kovu lilikuwepo kisiginoni, jeupe, lenye mikunjo.

"Mimi sijui kitu," alisema Ongeri, akitema damu. "Jumanne nilikuwa nimelala. Waulize watu wa Nyakoe, walimwona Onchiri." Na hakuna aliyekuwa amemtajia Nyakoe.

Mchana huo Nyasani alikwenda kilimani kwa Onchiri. Hakuvua kofia mpaka alipokaribishwa, hakuketi mpaka alipoambiwa. Mwenye nguvu mpishe, walisema wazee, naye alimpisha kweli kweli.

"Bwana Onchiri, faili inanisumbua kwa jambo dogo. Mama mkwe wako alikuwa Nyakoe. Wakili wa Machogu asije akasema hatukumuuliza. Ungekubali kusimama kwenye gwaride la utambulisho kesho, mama aje, tumalize?"

Onchiri alimtazama wakili wake, aliyeletwa kutoka Kisumu. Kisha akacheka, jino likang'aa.

"Inspekta, wewe ni mtu wa hapa. Yule mama na mimi hatujatazamana tangu nimwoe binti yake. Ukinisimamisha na ng'ombe dume hatajua mkwewe ni yupi. Nitakuja. Andika kwamba nimekubali mwenyewe."

Wakili akaandika.

Jumapili uwanja wa kituo ulijaa. Nyasani alikuwa ametundika turubai kubwa, la kufunikia mizigo juu ya basi, kutoka nguzo hadi nguzo, likaishia chini kidogo ya magoti ya mtu mzima. Mkuu wa Polisi aliliangalia, akamwangalia Nyasani, akavuta kiti akaketi. Wanaume walipangwa nyuma ya turubai, makarani, askari wasio na sare, mahabusu wawili watatu. Onchiri alipochagua nafasi yake alimwona Ongeri upande wa pili wa safu, kichwa kimefungwa bendeji. Tabasamu lilimkauka. Ongeri hakuwa ameruhusiwa kuzungumza na mtu tangu Nyaramba.

"Vueni viatu wote," alisema Nyasani. "Na soksi."

"Hii ni nini?" wakili aliuliza.

"Gwaride. Mteja wako amekubali, na maandishi ni yako."

"Mimi sivui," alisema Onchiri.

"Kwa nini, Bwana? Ni miguu tu."

Watu walikuwa wanasikia. Onchiri akavua, akiegemea fimbo.

Bosibori aliletwa. Alitembea polepole mbele ya turubai, kichwa chini, na safari hii hakuna aliyeweza kusema haoni. Alisimama mbele ya jozi ya tatu. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa kimelalia wenzake.

"Huyu ni mkwe wangu," alisema, na kwa mazoea akarudi nyuma hatua.

"Geukeni," alisema Nyasani. Miguu ikageuka, visigino vikatazama uwanja. Bosibori akaendelea mpaka mwisho wa safu, akanyoosha kidole.

"Huyu ndiye aliyepita Nyakoe. Aliziruka ndizi zangu."

Nyuma ya turubai sauti ya Ongeri ilipasuka kabla hajaulizwa. "Aliniambia ni mzaha! Alisema ana mwanamke Keroka, nimzugie watu. Viatu alivua yeye mwenyewe akanipa. Sikujua anabaki nyumbani na panga! Nisingeweza, Mama, Bathsheba alikuwa ananipa chai..."

Hakumaliza. Uwanjani watu waliona miguu tu. Miguu yenye kidole kilichopinda ilikatiza mbio mbele ya mingine, fimbo ikavuma, turubai likafutuka. Walisikia mfupa ukilia. Miguu yenye kovu ilinyanyuka kutoka ardhini, ikapiga teke hewani, vidole vikinyooka na kukunjika, na matone ya damu yakaanza kuangukia vumbi, katikati ya visigino vyao. Askari walijisukuma chini ya turubai, wakakanyagana. Nyasani aliingia nao, akamshika Onchiri koo kwa nyuma, akakaza mpaka mikono ikamwachia Ongeri. Fimbo ilikuwa imevunjika vipande viwili.

"Mfungulie Machogu," Nyasani alimwambia Ombui, akihema. "Nenda wewe mwenyewe."

Ombui alitazama mkono wake uliofungwa kitambaa, akamtazama Ongeri anayekohoa damu, akachukua funguo akaenda.

Hapo turubai likanyanyuka. Bosibori alikuwa ameshika ukingo wake na kuukunja begani, kama mtu anayefungua pazia la mlango wake asubuhi. Kofia ilikuwa imeanguka, miwani imeanguka. Alimtazama mkwe wake usoni, paji, macho, mdomo, lile jino, bila haraka.

"Kumbe ndiwe huyu," alisema. "Nitazame, Manasseh. Mtoto hayupo. Hatuna ukwe tena."

Onchiri hakuwa ameogopa polisi wala jaji wala Mungu. Aliinua mikono yote miwili akafunika uso. Askari watatu walihangaika kuiteremsha ili wamtie pingu, na muda wote huo mama alisimama palepale, akimtazama.